Kinywe cha Balama kilivyokwama kati ya Washington, Beijing na mashamba ya watu

Desemba 2024 ina tarehe nne ambazo ni vizuri kuzisoma kwa mfuatano. Tarehe 2, Marekani ilikaza masharti ya kuiuzia China chipu za kompyuta na mitambo ya kuzitengenezea. Tarehe 3, China ikajibu: ikapiga marufuku kuiuzia Marekani madini ya galiamu, jemaniamu na antimoni, na ikasema kila mzigo wa kinywe (grafiti) unaokwenda huko utachunguzwa kwa ukali zaidi, ijulikane nani anaununua na anakwenda kuufanyia nini. Tarehe 12, kampuni ya Syrah Resources ya Australia ikatangaza kwamba mgodi wake wa kinywe wa Balama, kaskazini mwa Msumbiji, umekwamishwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake na hauwezi kutimiza mikataba. Tarehe 18, umoja wa watengenezaji wa kinywe cha betri walioko Marekani, Syrah ikiwa mmojawapo, ukapeleka ombi serikalini: kinywe cha betri kutoka China kitozwe ushuru mkubwa.

Kwa muda wa wiki mbili na ushei, basi, China ilibana mlango, mgodi uliokuwa tegemeo la wanaotaka kuikwepa China ukasimama, na wenye mgodi huo wakaomba China ibanwe zaidi. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu Balama ilipata karibu kila msaada ambao siasa za nishati safi zinaweza kutoa: mkopo, msamaha wa kodi, mnunuzi mkubwa, na ulinzi wa ushuru. Bado ilisimama. Na aliyeisimamisha hakuwa Beijing.

Poda nyeusi ndani ya betri

Kinywe wengi wetu tulikishika kwa mara ya kwanza shuleni bila kujua jina lake, maana ndicho kinachoandika ndani ya penseli. Katika betri ya gari la umeme kinakaa upande unaoitwa anodi. Betri inapochajiwa, lithiamu husafiri na kujipenyeza kati ya tabaka za kinywe, kama unavyochomeka vikaratasi kati ya kurasa za daftari. Gari likitembea, vikaratasi hutoka. Lithiamu ndiyo iliyobeba jina la betri, lakini kwa uzito kinywe kinaipita mbali: gari moja la kawaida hubeba zaidi ya kilo 50.

Kipo cha aina mbili. Kimoja huchimbwa. Kingine hutengenezwa kiwandani kwa kuchukua mabaki ya usafishaji wa petroli na kuyachoma kwa joto linalokaribia nyuzi 3,000 za Selsiasi. Tofauti hiyo tutairudia, kwa sababu ndipo hesabu ya mazingira ilipoharibikia.

Kile cha kuchimbwa kina safari ndefu. Mwamba unasagwa, unatiwa katika matangi ya maji yanayopulizwa hewa. Kinywe kwa asili hakishikani na maji, kwa hiyo chembe zake hung'ang'ania mapovu na kuelea juu pamoja nayo, huku mchanga na udongo vikizama. Povu jeusi linakombwa, linakaushwa, linafungwa kwenye mifuko mikubwa. Hapo ndipo kazi ya Balama inapoishia. Kuanzia hapo chembe hizo bapa, zinazometameta kama magamba ya samaki, lazima zizungushwe hadi ziwe vijitufe, na katika kuzizungusha nusu au zaidi ya mzigo hubanduka. Vijitufe husafishwa kwa kemikali hadi usafi wa asilimia 99.95, kisha hupakwa ngozi nyembamba ya kaboni na kuchomwa tena. Tani ya kinywe kinachotoka Balama huuzwa kwa mamia ya dola. Tani ya poda iliyo tayari kwa anodi huuzwa kwa maelfu.

Hatua hizo za mwisho zimejikusanya China kuliko karibu madini mengine yoyote ya betri: zaidi ya asilimia 90 ya kinywe cha kiwango cha betri hukamilishwa huko. Kwa miaka mingi hata kinywe cha Balama kilikwenda huko huko. Kilichimbwa Balama, mkoani Cabo Delgado, kikasafiri karibu kilomita 490 kwa barabara hadi bandari ya Nacala, kikavuka bahari, kikazungushwa na kusafishwa China, ndipo kikaingia kwenye betri.

Mgodi uliozaliwa na bahati mbaya

Balama ilianza kuzalisha Novemba 2017, ikiwa imejengwa kutoa hadi tani 350,000 kwa mwaka, kiasi cha kuifanya mojawapo ya migodi mikubwa ya kinywe duniani. Mwezi mmoja kabla, Oktoba 2017, wapiganaji walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, na vita vya Cabo Delgado vikaanza. Mapigano mengi yamekuwa kaskazini na mashariki mwa mkoa, mbali kidogo na Balama, lakini barabara ni ile ile. Juni 2022 mashambulizi yalipofika wilaya ya Ancuabe, Syrah ililazimika kusitisha kwa muda magari ya mzigo na safari za wafanyakazi.

Soko nalo halikuwa rafiki. Mwaka 2019 bei ilianguka na mgodi ukapunguza uzalishaji. Mwaka 2020 ukasimama kabisa kwa janga la Uviko-19, ukafunguliwa tena mapema 2021.

Hapo ndipo Marekani ilipoingia kwa nguvu. Syrah ilikuwa na kiwanda kidogo Vidalia, Louisiana, kando ya mto Mississippi, na mpango wake ulikuwa rahisi kuueleza: kinywe cha Balama kije Vidalia badala ya kwenda China, kigeuzwe poda ya anodi hapo hapo. Desemba 2021 Tesla ilisaini mkataba wa kununua tani 8,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ya tani 11,250 ambazo kiwanda kilipangwa kutoa. Julai 2022 Wizara ya Nishati ya Marekani ikatoa mkopo wa dola milioni 102. Mwezi uliofuata ikapitishwa sheria kubwa ya tabianchi ya Rais Biden, iliyoweka sharti kwamba gari litakalotumia madini yaliyopitia kwenye kampuni zilizo chini ya China litakosa punguzo la kodi la dola 7,500. Baadaye shirika la serikali ya Marekani la DFC, linalokopesha miradi nje ya nchi, likaukubalia mgodi wenyewe mkopo wa dola milioni 150.

Februari 2024 Vidalia ilianza kutoa poda. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mnyororo mzima, kutoka shimo la Afrika hadi anodi, ambao haukupita China kwa ukubwa huo wa kibiashara.

Mlango ulipobanwa, bei haikupanda

Tarehe 17 Oktoba 2023 Marekani ilipanua marufuku yake ya chipu za akili mnemba. Siku tatu baadaye China ikatangaza kwamba kuanzia 1 Desemba aina kadhaa za kinywe hazitatoka nchini bila kibali. Kinywe na chipu havihusiani kwa lolote kiufundi. Kinachoviunganisha ni kwamba kila upande ulitafuta mahali mwenzake anapoumia.

Waliotazama haraka walidhani siku ya Balama imefika: muuzaji mkubwa akibana, muuzaji mwingine hupandisha bei. Haikuwa hivyo. China haikufunga mlango, iliweka bawabu. Vibali viliendelea kutolewa kwa wanunuzi wengi, na huku nje wanunuzi wakajifunza kuweka akiba. Wakati huo huo, ndani ya China viwanda vya kinywe cha kutengenezwa vilikuwa vimejengwa kupita kiasi, bei yake ikaporomoka, na watengenezaji wa betri wakahamia huko. Kinywe cha kuchimbwa kikakosa wanunuzi. Tangu 2023 Balama ikawa inafanya kazi kwa vipindi: inazalisha kidogo, inasimama, inasubiri mzigo uuzwe.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mjadala wa vita vya biashara huwa unaishia kwenye bei na kusahau moshi. Ile tanuri ya nyuzi 3,000 inakula umeme kwa kiasi cha kutisha, na viwanda vingi vya namna hiyo vimewekwa maeneo kama Mongolia ya Ndani, ambako umeme ni wa bei nafuu na sehemu kubwa unatokana na makaa ya mawe. Kinywe cha kutengenezwa kina ubora wake, betri zinazochajiwa haraka hukihitaji, na sitaki kukifanya adui. Lakini kila mgodi wa kinywe cha asili unapolazwa kwa kukosa soko, mahali pake panajazwa na poda iliyopikwa kwa makaa. Gari linatoka kiwandani bila bomba la moshi, na moshi wake ulishatoka mahali pengine.

Jambo la pili lililoibana Vidalia lilitoka Washington kwenyewe. Tarehe 3 Mei 2024 Wizara ya Fedha ilipokamilisha kanuni za punguzo la kodi, ilikubali kilio cha watengenezaji wa magari kwamba kinywe ni vigumu kukifuatilia kilikotoka, ikawapa muda hadi mwisho wa 2026. Naielewa sababu yake: bila nafuu hiyo magari mengi yangepoteza punguzo siku moja. Lakini jitazame wewe ukiwa meneja wa ununuzi wa kampuni ya betri. Jana ulikuwa na sababu ya kukubali poda ya Vidalia ingawa ni ghali. Leo umeambiwa una miaka miwili na zaidi. Utasaini mkataba wa miaka kumi wa nini? Mwezi huo huo serikali ile ile ilitangaza ushuru wa asilimia 25 kwa kinywe cha asili cha China, uanze 2026. Mkono mmoja ulilegeza, mwingine ukakaza, na aliyeko katikati akakaa kusubiri.

Mashamba

Mwishoni mwa Septemba 2024 kundi la wakulima liliuzuia mgodi wa Balama. Madai yao yalikuwa ya zamani: mashamba waliyoyaacha kupisha mgodi, na walichopewa badala yake.

Msumbiji, kama ilivyo kwa majirani zake wa kaskazini, ardhi ni mali ya taifa. Mkulima ana haki ya kuitumia, si hati ya kuiuza. Ndiyo maana anayepisha mgodi halipwi bei ya ardhi kama mali sokoni. Hulipwa mazao, miti na majengo, na hupewa shamba jingine. Ukiangalia kwa jicho la mhasibu, suala limekwisha siku fidia inapopokelewa. Kwa mwenye jembe ndiyo kwanza linaanza. Shamba jipya likiwa na udongo mwembamba, au likiwa mwendo mrefu kutoka nyumbani, hasara hiyo inamrudia kila msimu, na fedha ya mihogo iliyong'olewa ilishaliwa siku nyingi. Wamsumbiji wanapozungumza Kireno, shamba wanaliita machamba, neno walilolichukua kwetu, na uzito wake kwao ni ule ule.

Kisha ukaja uchaguzi wa 9 Oktoba. Matokeo yalipompa ushindi Daniel Chapo wa chama tawala na mpinzani Venâncio Mondlane akayakataa, maandamano yakaenea nchi nzima, watu wengi wakauawa. Dola iliyokuwa ikihangaika na miji yake haikuwa na nafasi ya kwenda kuamua mgogoro wa mashamba Balama. Lililokuwa jambo la wilaya likamezwa na la taifa.

Novemba fungu la kwanza la mkopo wa DFC, dola milioni 53, lilikuwa limeshatoka. Desemba mgodi ulipotangazwa kukwama, masharti ya mkopo huo na ule wa Wizara ya Nishati yakahesabika kuwa yamevunjwa. Mgodi ulioandaliwa kuiokoa Marekani na kinywe cha China ukawa mdaiwa wa Marekani asiyeweza kutimiza masharti, ndani ya wiki moja na siku chache tangu China ikaze uchunguzi wake.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha kisa chote. Ushuru una uwezo wa kumfukuza muuzaji mmoja sokoni. Hauna uwezo wa kumpa muuzaji mwingine mali ya kuuza. Mali hiyo inatoka chini ya ardhi ambayo mtu alikuwa akiilima, inapita barabara ambayo lazima iwe salama, na inafika kiwandani ikiwa na ubora uleule mwezi baada ya mwezi. Katika mijadala ya Washington ya 2022 na 2023 Balama ilikuwa jina kwenye ramani ya vyanzo mbadala. Mgodi unaofanya kazi kwa vipindi huajiri vibarua kwa vipindi na hununua vitu kijijini kwa vipindi, na jirani aliyetoa shamba hukaa akipiga hesabu ya alichopata. Hiyo sehemu ya gharama haikuwekwa kwenye ramani.

Anayenunua yuko pande mbili

Mwaka 2025 mambo yalianza kufunguka, polepole. Aprili makubaliano yalifikiwa kati ya wakulima walio wengi, serikali na kampuni. Kikundi kidogo kilichobaki kiliondolewa na mamlaka mapema Mei, na Juni mgodi ukaanza tena kuzalisha.

Ombi la ushuru nalo lilikuwa linasonga. Tarehe 17 Julai 2025 Wizara ya Biashara ya Marekani ilitoa uamuzi wa awali kwamba kinywe cha betri cha China kinauzwa kwa bei ya kutupa, ikakipachika ushuru wa asilimia 93.5 juu ya ule uliokuwapo. Hisa za wachimbaji wa kinywe zikaruka siku hiyo.

Waliopinga ombi hilo ni pamoja na Tesla na mtengenezaji wake wa betri, Panasonic. Hoja yao ilikuwa kwamba viwanda vya ndani havijakomaa kiasi cha kuwapa kinywe wanachohitaji kwa ubora na kwa wingi. Mnunuzi wa kwanza wa Vidalia, aliyesaini mkataba ili aondokane na China, alikuwa anapinga ushuru uliokusudiwa kuilinda Vidalia. Nimewasikia watu wakiuita usaliti. Sioni hivyo. Ukitengeneza magari kila siku huwezi kujaza betri kwa poda inayotarajiwa. Unahitaji iliyopo.

Na kuikubali poda mpya si kuonja chumvi. Mtengenezaji wa betri huchukua sampuli, hutengeneza nayo betri ndogo, huzichaji na kuzimaliza chaji mara mamia, huzipasha joto, hupima zimevimba kiasi gani na zimepoteza nguvu kiasi gani, kisha huanza upya kwa betri kubwa. Ukubwa wa vijitufe ukiyumba kidogo, au chuma kikabaki zaidi ya kiwango, mzunguko unarudi mwanzo. Miezi inapita, mara nyingi zaidi ya mwaka. Julai hiyo hiyo Tesla iliiarifu Syrah kwamba imekiuka mkataba kwa kutoleta sampuli za Vidalia zinazokidhi vigezo. Syrah ilikana kwamba imekiuka, na tarehe ya mwisho ya kurekebisha ikasogezwa mbele zaidi ya mara moja.

Mwezi ule ule wa Julai, tarehe 4, Rais Trump alisaini sheria iliyofuta punguzo la dola 7,500 kwa wanunuzi wa magari ya umeme kuanzia mwisho wa Septemba. Lile sharti la kinywe kisicho cha China, ambalo lilitolewa 2022, likaahirishwa 2024, likakosa punguzo la kulishikilia 2025. Ushuru ukabaki. Maana yake kwa mtu anayetaka kununua gari ni kwamba kilichokuwa kinampunguzia bei kimeondoka, na kinachoiongeza kimekuja.

Kama ningekuwa mezani walipopanga haya, ningeomba mambo mawili tu. La kwanza, mnunuzi afungwe kwa kiwango kidogo kinachopanda kwa ratiba isiyoguswa: asilimia kadhaa ya kinywe chake kitoke nje ya China mwaka fulani, zaidi kidogo mwaka unaofuata. Ukuta wa asilimia 93.5 uliojengwa kabla poda haijakubaliwa unampandishia gharama kila mtu na haumfundishi yeyote kuzungusha kinywe. La pili, mkopeshaji anayetoa dola milioni 150 kwa mgodi aufungue mgogoro wa mashamba kabla ya kufungua pochi, mgogoro huo usibaki kiambatisho cha ripoti. Gharama yake ingekuwa ndogo mno ukilinganisha na miezi minane ya mgodi uliofungwa.

Somo hili si la Msumbiji peke yake. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Mahenge, kampuni ya POSCO ya Korea Kusini imeweka fedha kwenye mradi wa kinywe kwa sababu ile ile: poda yake ya anodi inategemea kinywe cha China. Huko nako kuna watu waliopisha mradi.

China haikukaa kimya. Oktoba 2025 ilitangaza vibali vipya, safari hii vikigusa hata kinywe cha kutengenezwa cha anodi na betri zenyewe, vianze 8 Novemba. Trump na Xi walipokutana Busan tarehe 30 Oktoba, vibali hivyo vikasimamishwa hadi 10 Novemba 2026. Mwaka 2025 ukaisha Vidalia ikiwa bado inasubiri Tesla iikubali poda yake.

Wanaofuatilia betri wataitazama hiyo tarehe ya Novemba. Mimi naitazama pia kalenda ya Balama, ambako mvua huanza karibu na Desemba na watu huingia shambani. Waliosaini makubaliano ya Aprili watajua wamepewa nini pale watakapovuna.